Umevuka 45 na huna kazi? Anza na kata yako

Kampuni imepunguza wafanyakazi. Au mkataba umeisha na haukuongezwa. Au umestaafu ukiwa bado na nguvu, na kukaa nyumbani kumeanza kukuchosha kuliko kazi ilivyowahi kukuchosha. Umetuma CV huku na kule, kimya. Usijilaumu. Unabisha hodi kwenye mlango usio wako.

Matangazo ya mtandaoni yanagombaniwa na vijana wengi mno. Mtu wa umri wako mara nyingi anapata kazi kwa njia nyingine: kwa watu wanaomjua, kwa ofisi zilizo karibu naye, na kwa karatasi zinazothibitisha anachokiweza. Vyote hivyo viko ndani ya kata na wilaya yako. Haya ninayokwambia ni ya Tanzania, na unaweza kuanza Jumatatu asubuhi.

Kwanza, acha yanayokupotezea muda

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida yanamtaka mwombaji asiyezidi miaka 45, isipokuwa yule ambaye tayari yuko kazini serikalini. Aliyestaafu utumishi wa umma anatakiwa awe na kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Kwa hiyo kabla hujaanza kupakia vyeti kwenye Ajira Portal, shuka moja kwa moja hadi kwenye masharti ya jumla. Yakikukataa, achana na tangazo hilo. Muda wako upeleke panapolipa.

Sekta binafsi ni habari nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya umri, na inamlinda hata anayeomba kazi. Huna haja ya kuitaja sheria hiyo kwenye usaili. Ijue tu, ili uingie ukijua una haki ya kukaa kwenye kiti hicho.

Na usimlipe mtu yeyote ili akutafutie kazi. Si "ada ya fomu", si "hela ya vipimo" ya kutuma kwa simu kabla ya usaili. Matapeli wanawapenda watu waliotoka kuchukua mafao. Ukiombwa pesa, kata simu.

Kusanya karatasi

Tenga siku moja ya makaratasi: kitambulisho cha NIDA, vyeti, barua za ajira za zamani, leseni, TIN, namba ya NSSF au PSSSF. Piga kila moja picha safi kwa simu na ujitumie kwenye barua pepe. Ukipigiwa saa nne kwamba vyeti vinahitajika saa sita, hutahangaika.

Je, ulipoondoka kwa mwajiri wa mwisho ulipewa cheti cha utumishi? Wengi hawapewi, na hawajui kama ni haki yao. Sheria ileile ya 2004 inamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma. Nenda na barua fupi ya kukiomba, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Kwa mtu aliyefanya kazi miaka 18 sehemu moja bila kupitia chuo, karatasi hiyo ndiyo ushahidi wake mkubwa.

Kisha huisha leseni. Hapa ndipo watu wengi wenye uzoefu wanakwama. Kama ni muuguzi, leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iwe hai. Mhandisi, angalia usajili wako kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Fundi umeme wa majengo anahitaji leseni ya EWURA. Dereva, soma daraja lililoandikwa kwenye leseni yako na tarehe ya kuisha. Zahanati ya mtaani kwako inaweza kuwa na shida ya muuguzi wiki hii hii, lakini haitakusubiri miezi miwili uhangaikie leseni.

Sasa, kama ujuzi wako uko mikononi na hukusomea darasani, nenda VETA. Wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Wanakupima unachokiweza, wanakuongezea palipopungua, ukifaulu unapata cheti. Upo kwa fani kama uashi, useremala na upishi. Uliza kwenye chuo chao kilicho karibu nawe ni fani zipi wanazipima kwa sasa na ada ni kiasi gani. Uliza hilo la ada mapema, maana ufadhili wa Serikali umeelekezwa zaidi kwa vijana. Hata ukijilipia, cheti hicho kina faida kubwa: fundi wa miaka 50 mwenye cheti anaweza kuingizwa kwenye orodha ya mkandarasi. Asiye nacho anaitwa kibarua, hata kama anamzidi kazi.

CV yako iseme ulichofanya

CV nyingi za watu wazima zinaorodhesha vyeo tu. "Mtunza stoo, 2003 hadi 2019." Msomaji hajui lolote. Iandike hivi: "Nilitunza stoo ya vipuri vya malori 40. Nilipokea mzigo, nikahakiki na kutoa. Niliwafundisha kazi wasaidizi wanne. Hesabu za mwisho wa mwezi zilikuwa zinalingana na daftari." Hapo mwenye gereji anaona faida yake.

Kurasa mbili zinatosha. Kazi za miaka kumi na tano ya karibuni zipe nafasi, za zamani ziguse kwa mstari mmoja mmoja. Dini, kabila, idadi ya watoto na shule ya msingi toa kabisa. Umri usiuandike mpaka uulizwe.

Kama kompyuta inakusumbua, kaa na mwanao au kijana wa steshenari, lakini maneno yawe yako. Usikubali CV ya kunakili yenye sentensi za kujisifu zisizo na maana. Mwajiri ameshazisoma nyingi.

Weka wadhamini watatu wanaopatikana kwenye simu. Wapigie kwanza. Waambie unatafuta kazi gani, ili wakiulizwa wasibabaike.

Jua unachokitaka sasa

Umri huu usikimbilie kila kitu. Chukua daftari, jibu maswali haya kwa ukweli. Watu huja kukuuliza nini hata leo, bila kukulipa? Kazi gani ulikuwa ukiifanya hukumbuki kutazama saa? Na kipi mwili wako hautaki tena: zamu za usiku, kusimama kutwa nzima, daladala mbili kwenda na mbili kurudi?

Chukua mfano wa mama aliyepika kantini ya kiwanda kwa miaka mingi, kiwanda kikafungwa. Akijitambulisha kama "mpishi", ataonekana ni wa kuajiriwa jikoni tu. Lakini anajua kupanga chakula cha watu mia tatu kwa bajeti, kununua sokoni kwa jumla, kusimamia wasaidizi na kuzuia wizi wa unga. Shule ya bweni inamhitaji, na si lazima iwe kwenye jiko lenyewe. Inaweza kumhitaji kama msimamizi wa chakula, nusu siku, kazi anayoiweza na inayompa heshima yake.

Nusu siku si aibu. Mhasibu mstaafu anaweza kumtunzia mwenye duka la vifaa vya ujenzi kumbukumbu za mauzo siku mbili kwa wiki, na mwenye famasi siku mbili nyingine. Mwalimu mstaafu wa hesabu anaweza kushika vipindi vya kidato cha nne tu kwenye shule binafsi. Wafanyabiashara wadogo wanahitaji mtu mzoefu lakini hawana uwezo wa kumlipa mwezi mzima. Wewe ndiye wa kuwapelekea wazo hilo, kwa sababu wao hawatalitangaza.

Zunguka kata yako

Hili ndilo kubwa, kwa hiyo tulia nalo.

Anza na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Watu wanamfahamu kwa mambo ya mikopo ya vikundi tu, lakini ni yeye anayejua vikundi vilivyosajiliwa, miradi iliyoingia, na mashirika yanayotafuta wasimamizi au wakufunzi. Usiende kumwambia "naomba msaada wa kazi". Nenda na ombi moja dogo linalojibika. Kwa mfano: "Nimesimamia ujenzi kwa miaka 20. Kuna mradi wowote wa darasa au zahanati kwenye kata hii unaohitaji msimamizi wa mafundi? Nimpate nani?" Akikupa jina la mtu, mpigie simu siku hiyo hiyo, kisha mrudishie jibu aliyekupa. Ukimrudishia jibu atakukumbuka.

Mtendaji wa mtaa au wa kijiji naye umwone. Barua ya utambulisho utaihitaji tu. Ukiwa pale muulize nani amefungua karakana, shule au kiwanda kidogo mwaka huu.

Pita SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo. Limekuwepo tangu 1973 na lina ofisi mikoani. Wanafundisha usindikaji wa vyakula, sabuni, ngozi, ufungashaji. Hata kama huna mpango wa kufungua biashara, nenda. Wenye viwanda vidogo wanaokuja pale wanatafuta watu wanaojua mashine, hesabu na usimamizi.

Angalia pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Viko 54 nchini, vilianza miaka ya 1970, na vilianzishwa kwa ajili ya watu wazima tangu mwanzo, kwa hiyo hutakaa darasani ukijiona umepotea njia. Vina kozi fupi za ushonaji, umeme, kilimo, upishi. Na usiishie kuuliza kuhusu kusoma. Uliza kama wanahitaji wa kufundisha. Fundi mwenye mikono ya miaka thelathini ni hazina kwa chuo. Ukiipenda kazi hiyo na ukataka ualimu wa ufundi uwe kazi rasmi, chuo cha ualimu wa ufundi stadi kipo Morogoro.

Jisajili TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira. Wanaunganisha watafuta kazi na waajiri, na wanatoa mafunzo ya kujiandaa na usaili. Sikwambii ukae usubiri wakupigie. Jisajili, uendelee na mizunguko yako.

Kisha watu wako. Wafanyakazi wenzako wa zamani wako wapi? Yule msaidizi uliyemfundisha kazi mwaka 2008 huenda leo ni meneja. Mtafute. Kumbuka kikundi cha VICOBA, jumuiya ya kanisani, kamati ya msikiti, wazazi wenzako shuleni. Wengi wanaona aibu kusema mbele ya watu hawa kwamba hawana kazi. Wakikaa kimya, watu wanadhani wako sawa, na nafasi inapita mbele yao inakwenda kwa mwingine. Aibu hiyo ivue mapema, kwa sababu inakugharimu riziki.

Ujumbe wa WhatsApp uwe mfupi, unaotaja kazi:

"Habari za siku nyingi, kaka. Nimemaliza mkataba wangu mwezi wa tatu. Natafuta kazi ya usimamizi wa stoo au magari, Temeke au Kigamboni, hata nusu siku. Ukisikia anayehitaji mtu mwaminifu anayejua hesabu za vipuri, naomba umpe namba yangu. Asante sana."

Aliyepokea ujumbe huo anajua la kufanya. "Nikumbuke ukisikia kazi yoyote" haumsaidii, kwa sababu hajui akukumbuke kwa lipi.

Pesa wakati unatafuta

Kama uliachishwa na ulikuwa mwanachama wa NSSF, ulizia fao la kukosa ajira. Ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa mwenye sifa. Aliyeacha kazi kwa hiari hapati, na aliyefika 55 anaangukia upande wa pensheni. Nenda ofisini kwao na barua ya kuachishwa, wakupe jibu la kesi yako. Usijiamulie nyumbani kwamba hupati.

Kiinua mgongo kikishaingia, usikiguse kwa biashara usiyoijua. Kuku, daladala, duka la nguo, vyote vina wenyewe wanaovijua. Kama unataka biashara, fanya kwanza kazi kwenye biashara ya aina hiyo, hata kwa malipo kidogo, kwa msimu mzima. Utaijua kwa pesa ya mtu mwingine.

Wanawake, kuna mkopo wa halmashauri usio na riba. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fungu la wanawake halina ukomo wa umri wa juu. Mnaingia kwa kikundi kilichosajiliwa, na safari inaanza kwa huyo huyo Afisa Maendeleo ya Jamii.

Mwanaume wa miaka 50 asiye na ulemavu hana fungu lake humo. Naona ni pengo kubwa, maana naye ana familia nyuma yake na anaondolewa kazini kama wengine. Mpaka lizibwe, njia zake ni SACCOS na mikopo ya SIDO.

Kuna jambo lingine ambalo wazee wachache wanalijua. Sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi za Serikali kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu, na wazee wametajwa humo pamoja na wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Maana yake kikundi cha mafundi wastaafu kinaweza kutengeneza madawati ya shule, kikundi cha wapishi kikalisha semina ya halmashauri. Kikundi kinasajiliwa kupitia halmashauri, kisha kinaingizwa kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma. Mtafutieni kijana mmoja wa kushughulikia mfumo, ninyi mshike kazi. Ila kuweni na mtaji wa kuvumilia, kwa sababu malipo yanaweza kuchelewa.

Mbele ya meneja mdogo kuliko mwanao

Itatokea. Utaingia ofisini, anayekusaili ana miaka 29. Huenda akakupa shikamoo. Itikia marahaba kwa uchangamfu, kaa, anza kazi iliyokuleta. Asipokupa, usisubiri na usinune. Sema "habari za kazi" wewe kwanza. Usimwite "mwanangu". Mwite "meneja", au kwa jina kama ofisi yao inaitana kwa majina.

Swali litakalomsumbua, hata asipolitamka, ni hili: huyu mzee atanisikiliza? Limalize mwenyewe. Mwambie: "Bosi wangu wa mwisho nilimzidi miaka mingi. Alikuwa ananielekeza, nafanya. Nikiona tatizo namwambia pembeni, si mbele ya watu." Kama hujawahi kuwa chini ya kijana, eleza jinsi utakavyofanya, usidanganye.

Akiuliza kama unaweza kompyuta, usijibu "kidogo kidogo". Taja unachokiweza: "Napokea na kutuma barua pepe, najaza Excel ya stoo, mfumo wenu nitahitaji kuelekezwa." Kama Excel huijui, tafuta wiki mbili za kujifunza kabla ya usaili. Inatosha kwa mwanzo.

Hadithi za zamani zipunguze. Moja tu, fupi, yenye jibu la tatizo lao la leo. Kila ukisema "enzi zetu", anapiga hesabu ya umri wako.

Kuhusu mshahara, usiseme "nitapokea chochote". Ukisema hivyo watakulipa chochote. Uliza nafasi hiyo imetengewa kiasi gani. Ukiulizwa wewe, taja kiwango chako cha chini ulichokipanga nyumbani, ongeza kidogo, kisha nyamaza. Kama hawafiki, omba siku chache kwa wiki kwa malipo yale yale, au nauli, au bima ya afya. Na wakisita kukuajiri, pendekeza mwezi mmoja wa majaribio wenye malipo. Kazi ya bure ya "kujionyesha" ikizidi siku moja au mbili, ondoka.

Ukikubaliwa, dai mkataba wa maandishi kabla ya siku ya kwanza: cheo, saa za kazi, malipo, muda. Hata kwa kazi ya nusu siku, hata kama mwenye duka ni rafiki yako wa kanisani. Mpe mwajiri namba yako ya zamani ya NSSF ili michango iendelee pale ilipoishia. Na kama umeamua kujiajiri, jiandikishe uchangie mwenyewe. Baada ya miezi mitatu, omba taarifa ya michango yako uone kama kweli inaingia. Ukikuta mwezi umerukwa, muulize mwajiri wiki hiyo hiyo.